Unga na ubongo: kweli au si kweli?

"Teja angetaka kuacha, angeacha." Si kweli. Heroini, yaani unga, ikifika kwenye ubongo hugeuka mofini, na mofini hukalia vipokezi vya endofini, kitulizo cha maumivu ambacho mwili hujitengenezea. Unga ukiingia kila siku, vipokezi hupoteza usikivu wake, na ubongo huongeza nguvu ya mifumo ile ambayo unga unaikandamiza. Kete, yaani kipimo cha unga, ikikosekana, mifumo hiyo hulipuka yote kwa pamoja: miayo, kamasi, jasho la baridi, kuharisha, maumivu hadi kwenye mifupa. Ndiyo arosto. Aliyefika hapo hatafuti raha tena, anatafuta nafuu.

"Mfungie ndani, arosto ikiisha amepona." Si kweli, na kati ya imani zote hii ndiyo inayoniogopesha zaidi, kwa sababu wanaoishika ni wazazi wenye mapenzi. Arosto kali huisha baada ya siku 5 hadi 10. Hamu haiishi nayo: akipita kijiwe cha zamani, au akiona tu karatasi ya kete, inaamka, hata baada ya miaka. Wakati huo mwili umeshapoteza uwezo wa kuhimili dozi ya zamani. Akirudia kiasi kilekile, kinaweza kuzima sehemu ya shina la ubongo inayoendesha pumzi. Ndiyo maana wengi hufa katika wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani au nyumba ya matibabu. Ukimkuta anakoroma kwa uzito, pumzi chache, midomo imekuwa ya kijivu, na haamki ukimtikisa, usimwache "alale". Mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Dawa iitwayo nalokisoni huiondoa mofini kwenye vipokezi, na pumzi huweza kurudi ndani ya dakika chache.

"Methadoni ni unga wa serikali." Si kweli, ingawa ni kweli kwamba dawa hii ya kutibu uraibu wa heroini hushika vipokezi vilevile na mwili huitegemea. Tofauti ni mwendo. Heroini hupanda ghafla na kuisha baada ya saa chache. Methadoni hunywewa, hupanda polepole, na dozi moja hutosha siku nzima bila nishai wala arosto. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011, na kwa kawaida mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu. Akikosa kufika siku kadhaa mfululizo, dozi hupunguzwa kabla ya kuendelea, kwa sababu mwili wake hauihimili tena ile ya awali.