Baiskeli Begani, Twenzetu Korongoni

Oya, kama umekulia kijijini kwetu Narung'ombe, huku kusini, hii unaijua. Unatoka shamba, baiskeli iko freshi, unakanyaga pedeli na mzuka wako, halafu unafika korongoni. Mchanga. Tairi la mbele linazama, usukani unageuka wenyewe, unashuka. Unapitisha mkono katikati ya fremu, unaitupia begani, unachapa lapa mpaka ng'ambo. Ukifika unadandia, safari inaendelea. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha. Ulimwona bro akifanya, na bro alimwona mshua.

Sasa sikia mwanangu. Kule Ubelgiji hicho kitu ni mchezo, tena mkubwa kinoma. Watu wanalipa kiingilio, wanasimama kwenye baridi na tope, wanamshangilia mtu anayeshuka kwenye baiskeli, anaibeba na kutoka nduki nayo. Unaitwa saiklokrosi. Siku dogo mmoja pale kijiweni alipotuwekea video kwenye simu, tulibanana watu 9 kwenye kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na hakuna aliyeongea. Video ilipoisha mwana mmoja akasema, "Mbona huyu anabeba kama sisi tukienda shamba?" Hapo ndipo stori yote ilipoanzia.

Mimi nilivyo, kitu kikinikaa kichwani silali. Nikachimba. Kumbe mambo ya kitambo: Wafaransa walikuwa na ubingwa wao wa taifa tangu 1902, ulioandaliwa na mwanajeshi mmoja, Daniel Gousseau. Mwaka 1910 Octave Lapize alibeba Tour de France, akasema kukimbiza baiskeli porini wakati wa baridi ndiko kulikomkomaza. Ubingwa wa dunia ukaanza 1950 jijini Paris, akaubeba Jean Robic, jamaa ambaye alishashinda Tour de France mwaka 1947. Leo anayetamba ni Mholanzi, Mathieu van der Poel. Mwaka 2025 alibeba taji lake la 7 la dunia na kufikia rekodi ya Mbelgiji Erik De Vlaeminck, iliyokaa zaidi ya miaka 50.

Lakini kilichonidatisha ni Koksijde. Huo ni mji wa pwani ya Ubelgiji wenye vilima vya mchanga mtupu, na mbio zinapita humo humo. Mwaka 2012 ubingwa wa dunia ulifanyika pale, na Wabelgiji wakachukua nafasi ya 1 mpaka ya 7, wa kwanza akiwa Niels Albert. Saba mfululizo, mwanangu! Hao watu wamezoea mchanga ule. Nilipoisoma hiyo niliangalia nje, nikaona njia yetu inayoshuka korongoni, nikasema basi na sisi tuna Koksijde yetu, tena haina baridi.

Mchanga una siri zake na hapa kijijini kila mtu anazijua vipande vipande. Kwanza upepo: tairi likiwa limejaa ndindindi linachimba, likilegea kidogo linatanuka na kuelea. Fundi wetu wa baiskeli hana kipimo, anabonyeza kwa dole gumba, anasikiliza, anaachia upepo kidogo, anabonyeza tena. Wazungu wanafanya vilevile, ila wao wana geji. Pili, uzito nyuma, makalio yakae vizuri kwenye siti. Tatu, usukani usiung'ang'anie, uache ucheze, ukifuata mfereji uliochimbwa na aliyetangulia. Na pedeli zisikatike hata sekunde moja. Ukiacha kukanyaga ndani ya mchanga, umeisha.

Kingine nilichokipenda ni ligi zao za mikoa. Uingereza, kuanzia Septemba mpaka Januari, Jumapili nyingi kuna raundi mahali fulani, na klabu zinapokezana kuandaa. Wenyeji wanaamka alfajiri kupigilia vigingi na kufunga utepe kwenye uwanja wa shule au bustani. Watoto wadogo wanaanza, wanafuata madogo wakubwa, halafu akina mama, wazee wa miaka 50 na kuendelea, vijana wenye kasi. Baba akimaliza kukimbia anashika bendera, mwanaye anaingia. Njia ni mzunguko mfupi, hivyo aliyesimama sehemu moja anakuona kila unapopita, anakuita jina. Na mbio zinapangwa kwa muda, si umbali: waamuzi wanaangalia kasi ya mizunguko ya mwanzo, wanapiga hesabu mingapi itaingia kwenye saa moja, kengele inalia mzunguko wa mwisho. Kwenye ligi za namna hiyo ukipitwa hufukuzwi. Unaendelea, unamaliza, jina lako linaandikwa.

Hebu linganisha na mbio za barabarani. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabara ulikuja Kigali, mara ya kwanza Afrika, na mimi nilishangilia kama nyumbani. Namkubali kinyama Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua 3 za Tour de France 2024 na kuondoka na jezi ya kijani. Lakini mbio zile zinataka lami ndefu, barabara zifungwe, mapolisi, magari ya kufuata. Kwetu lami ina malori ya korosho na mabasi, nani atakufungia? Saiklokrosi inataka shamba moja, korongo moja na kijiji kinachopenda kelele. Vyote tunavyo.

Basi Jumapili moja ya Julai tukajilipua. Msimu wenyewe ulikuwa umekaa vizuri: ufuta umeshapelekwa ghalani, mnada umepita, mkwanja umeingia mifukoni na watu wana muda. Tulienda kwa mzee mmoja mwenye mikorosho karibu na korongo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Leo mmekuja wengi, kuna msiba?"

Tukamweleza. Akatusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mikorosho yangu haitavunjwa matawi?" Tukaapa. Akasema sawa, lakini yeye ndiye atakayehesabu mizunguko, maana vijana mkihesabu wenyewe mtagombana. Alikuja na mabakuli 11, moja kwa kila mtu, na mfuko wa korosho ghafi. Ukipita, anaweka korosho moja kwenye bakuli lako. Sijaona hesabu safi kama ile.

Tulichora mzunguko wa kilomita moja na kitu. Unaanzia uwazini, unazama chini ya mikorosho ambako matawi yako chini kiasi cha kukulazimu ulale juu ya usukani, unakata kona kwenye majani makavu yanayoteleza, unashuka korongoni, unapanda ukingo wa pili, unarudi. Tukaweka magogo mawili ya kuruka. Sheria ya dunia inasema vizuizi visizidi sentimita 40, tukapima kwa rula ya dogo wa shule, gogo moja likazidi, tukalizika nusu yake.

Baiskeli ni zetu hizi hizi. Phoenix nyingi, fremu ya chuma, giya hakuna. Tulifungua kerea, tukatoa madigadi na kengele, kila kinachogonga kikawekwa chini ya mti. Kwenye saiklokrosi ya wakubwa unaruhusiwa kubadili baiskeli ukiharibikiwa, ila kwenye eneo maalumu tu. Sisi tulikuwa na moja ya akiba kwa watu 11, imeegemezwa kwenye mkorosho mkubwa, fundi amekaa pembeni na solusheni, vipande vya mpira na pampu. Hiyo baiskeli siku hiyo ilipandwa na watu 4.

Madogo walianza, mizunguko miwili, vumbi mpaka kwenye kope. Halafu sisi, dakika 40.

Nikwambie bega linavyouma. Bomba la juu la Phoenix ni chuma kigumu, na kila hatua ya kupanda ukingo linagonga mfupa ule ule. Mzunguko wa tatu nilikuwa naihamisha baiskeli bega la kulia, la kushoto, la kulia. Mama yangu alikuwa kati ya waliosimama pale juu. Hakushangilia. Alivua kitambaa kichwani, akakizungusha haraka haraka kuwa ngata, na nilipopita mzunguko wa nne akanifuata hatua mbili, akanisukumia chini ya fremu. "Mwanangu, mzigo haubebwi mkavu hivyo." Mikono yangu haikuwa na nafasi hata ya kumshukuru. Kuanzia hapo bega lilitulia.

Nimeifikiria sana ile ngata. Kwenye ardhi hii ya kusini vitu vingi vimebebwa begani na kichwani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Julai 1917, Waingereza na Wajerumani waligombea visima vya maji mahali palipoandikwa Narungombe, kusini mwa Kilwa, na Oktoba wakachinjana Mahiwa, upande wa Mtama. Waliowabebea risasi na chakula walikuwa maelfu ya wapagazi Waafrika, na wengi wao hawakurudi kwao. Kubeba kwetu kuna historia nzito. Ndiyo maana ilinigusa kuona watu wanabeba kwa kupenda, kwa shangwe, na mama mwenye ngata anawakimbilia.

Mbele huko kulikuwa na balaa. Sista mmoja, ambaye kila asubuhi anachota maji na madumu matatu ya lita 20 nyuma ya baiskeli, alikuwa haruki magogo vizuri, anashuka taratibu, anapitwa. Lakini korongoni hakushuka hata mara moja. Sisi wote tumebeba, tunahema, yeye amekaa kwenye siti anakanyaga polepole bila kukatisha, tairi linaelea, anatupita kama tumesimama. Kilo 60 za maji kila siku zimemfundisha mchanga kuliko video yoyote. Alimaliza wa tatu. Mwana aliyeshinda alimfuata palepale akamwomba amwelekeze, wakarudi wawili korongoni wakati wengine tunakunywa uji, nikamwona sista anamwonyesha jinsi ya kulegeza viwiko.

Kulikuwa na pancha 5 na mnyororo mmoja uliokatika. Mchanga ukiingia kwenye mnyororo unausikia, unasaga kama mtu anayetafuna mchele mbichi. Aliyekatikiwa alikuwa kwenye ukingo wa mbali, baiskeli ya akiba imeshachukuliwa, akaamua kuikimbiza kwa mguu mzunguko mzima. Kijiji kilimpigia vigelegele kuliko mshindi, na alistahili.

Dogo wa mwisho alikuwa amepitwa mizunguko miwili. Washkaji wameshakaa kivulini, raba zimevuliwa, watu wanagonga tano, tukasahau kwamba bado kuna mtu ndani. Babu hakusahau. Alikaa na korosho moja mkononi, mabakuli 10 ameshayafunika, anaangalia chini ya mikorosho. Dogo akatokeza, baiskeli begani, ngata ya mama yangu ikiwa chini ya fremu, sijui alipewa saa ngapi. Babu akaidondosha ile korosho kwenye bakuli, akamwandika.

Wana wa kijiji cha jirani walikuwepo pembeni kimya muda wote. Jioni walikuja kusema raundi ijayo iwe kwao, na kwamba kwao kuna mlima. Sista wa madumu akauliza kama una mchanga.