Trekta Ikigoma Jarubani: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Ndugu mkulima, ikiwa unalima mpunga Mwea au Ahero, unajua kwamba miche haingoji mtu. Zamu ya maji ikifika, jaruba lazima liwe limevurugwa tayari. Trekta ikigoma siku hiyo, miche huzeeka kitaluni, na mavuno hupungua kabla mpunga haujapandwa.

Msimu mmoja wakulima majirani, wenye trekta moja ya shirika, walifika ofisini kwetu kutaka shauri. Injini yao ilikuwa ikinguruma vizuri, lakini magurudumu hayakwenda. Waliambiwa na fundi kwamba giaboksi imekufa, nao wakachanga fedha. Mmoja wao aliuza mtamba wake. Mashine ilipofunguliwa, gia zote zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa klachi iliyolowa mafuta kwa sababu ya sili moja iliyochakaa. Mtamba ulikuwa umekwisha kwenda, na zamu ya maji pia.

Basi yafaa ujue njia ya nguvu katika trekta yako. Nguvu hutoka katika injini, ikapita katika klachi, ikaingia giaboksi, kisha difu, kisha ekseli, mpaka kwenye magurudumu. Ukitafuta kosa, fuata njia hiyo hiyo. Anza na lililo karibu na lisilo na gharama. Kabla ya kuingia chini ya mashine, zima injini, shusha jembe chini na uweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu.

Kwanza, pima pedali ya klachi. Ibonyeze kwa mkono. Lazima iende kidogo bila uzito, ndipo uone ugumu. Kiasi cha nafasi hiyo kimeandikwa katika kitabu cha trekta yako. Klachi inavyolika, nafasi hupungua. Ikiisha kabisa, klachi haishiki sawasawa, nayo huteleza na kutoa harufu ya kuungua. Nafasi ikizidi, klachi haiachi, na gia hulia unapoziingiza. Makosa haya mawili mara nyingi huondolewa kwa kurekebisha fito ya pedali kwa spana tu.

Pili, jaribu kama klachi inashika. Simamisha trekta mahali pakavu palipo sawa, watu wakae mbali. Kaza breki zote mbili, ingiza gia kubwa, injini iende polepole, kisha achia pedali taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Tafuta ugonjwa mbele zaidi. Injini ikiendelea na trekta isisogee, klachi inateleza. Fanya jaribio hili mara moja tu, kwani ukilirudia utaiunguza klachi.

Tatu, tazama kitundu kilicho chini ya nyumba ya klachi. Maneno haya ni ya klachi kavu, si ile inayofanya kazi ndani ya mafuta. Kitundu hicho ni cha kutolea maji na mafuta. Kikizibwa na tope, uchafu wote hubaki ndani. Yakidondoka mafuta meusi, sili ya injini imechakaa. Yakiwa mafuta mazito yasiyo meusi, ni sili ya giaboksi. Vitabu vya matrekta mengine huagiza kitundu kizibwe kabla ya kuingia maji mengi. Ikiwa chako ni hivyo, usisahau kukizibua kazi ikiisha.

Trekta iliyotoka majini ikasimama wiki nyingi huweza kupata kutu, klachi ikagandamana na gurudumu zito la injini. Hapo ukibonyeza pedali, gia hazikubali kuingia. Kabla ya kuilaza kwa muda mrefu, iendeshe kidogo mahali pakavu ili joto likaushe maji. Ikiwa ina kishikio cha kufungia pedali chini, kitumie.

Nne, tazama mafuta ya giaboksi. Chomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiwa na maji. Matrekta mengi hutumia mafuta hayo hayo kuinulia jembe, kwa hiyo jembe likipanda kwa kusitasita, tazama mafuta upesi.

Labda utauliza maji yaliingiaje, na sili ni nzima? Giaboksi ina kitundu cha kupumulia. Ikifanya kazi hupata joto, na hewa ya ndani hutanuka. Ikiingia katika maji baridi, hewa hunywea. Kitundu cha kupumulia kikiwa kimezibwa na tope, giaboksi huvuta pumzi kwa mahali pengine, yaani kandokando ya sili, nayo huvuta maji. Kusafisha kitundu hicho hakugharimu ila kitambaa na dakika chache.

Mafuta yakiisha kuharibika, yamwage yote katika chombo, si mferejini. Weka mapya, fanya kazi kidogo, kisha tazama tena. Yakigeuka rangi, badilisha mara ya pili. Angalia kizibo cha chini pia. Masizi laini ya chuma ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyosikika kwa vidole ni hatari. Simamisha kazi umwite fundi. Vivyo hivyo ikiwa gia inaruka yenyewe, au giaboksi inalia ingawa mafuta yamejaa.

Mwisho, mwonye dereva asipumzishe mguu juu ya pedali, wala asiiachie nusu nusu trekta inapozama topeni. Afadhali apunguze kina cha jembe.

Fundi akikuambia giaboksi imekufa, usimfukuze, wala usimpe fedha siku hiyo. Mwulize: umepima pedali? Umetazama kitundu cha klachi? Mafuta yana rangi gani? Fundi wa kweli atajibu bila kukasirika. Maswali hayo matatu yangaliokoa mtamba wa jirani yetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.