Istilahi za Usimamizi wa Watu Katika Biashara

Wanafunzi wetu wanaochukua somo la Kiswahili cha biashara aghalabu hudhani kwamba kusimamia watu katika kampuni ni kuamuru na kulipa mishahara. La hasha. Ni mlolongo mrefu: kukadiria idadi ya watu wanaohitajika, kutangaza nafasi, kufanya usaili, kuajiri, kutoa mafunzo, kutathmini utendaji, na mwishowe kuachana kwa njia ya halali. Neno likikosewa hapa, mtu huumia.

Mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa mazoezini katika kampuni ya usafirishaji hapa Uganda aliombwa kumfasiria barua dereva kutoka nchi jirani asiyejua Kiingereza. Barua ilisema amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Mwanafunzi akaandika "umefukuzwa". Dereva akafunga virago akarudi kwao. Uchunguzi haukumkuta na hatia, lakini yeye hakuwepo, na kampuni ikamhesabu mtoro.

Tutofautishe basi. Aliyesimamishwa bado ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ilimruhusu mwajiri kumsimamisha mtu kwa nusu mshahara wakati wa uchunguzi, kwa muda usiozidi majuma manne. Kufukuzwa ni adhabu ya utovu wa nidhamu uliothibitika. Kabla ya kufikia uamuzi huo, sheria hiyo inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha ambayo anatarajiwa kuielewa, tena mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu amtakaye wakati wa maelezo hayo. Walimu wa lugha tuone uzito wa kifungu hiki: mfasiri naye yumo ndani ya haki ya mtu.

Kupunguzwa ni jambo jingine kabisa. Hapo mfanyakazi hana kosa. Kazi yenyewe imepungua. Kuachishwa ni neno pana zaidi, nalo huandamana na notisi: mwezi mmoja kwa aliyetumikia kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, miezi miwili kwa mitano hadi kumi, na mitatu kwa aliyetimiza kumi au zaidi. Aliye katika muda wa majaribio, ambao kwa kawaida hauzidi miezi sita, ana utaratibu wake.

Ama kuhusu "rasilimali watu", neno limeshaenea na hatutalizuia, ingawa mwandishi wa makala haya halipendi, kwa kuwa linamweka binadamu rafu moja na saruji. "Utumishi" latosha, na "afisa utumishi" hueleweka kote Afrika Mashariki.

Jambo dogo la mwisho, maana limejitokeza tena katika mitihani: waziri au mwenyekiti hujiuzulu, karani huacha kazi.