Mvua Haioshi Kadimiamu

Kila inapotajwa mipango ya kugeuza ardhi ya viwanda vya zamani kandokando ya bandari ya Tanga kuwa mtaa wa ghorofa, maduka na bustani, huulizwa swali lile lile: kiwanda cha mbolea kilifungwa mwaka 1991, masika na vuli zimepita mara ngapi, si sumu imeshaoshwa? Tangu bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda lielekezwe Chongoleani, viwanja vya pwani vimepanda thamani na swali limezidi. Linachosha, maana muulizaji anahesabu miaka wakati anapaswa kuuliza kilimwagika nini, na sasa kiko wapi.

Uchafu wa viumbe hai huoza. Metali haziozi. Mwamba wa fosfeti, malighafi ya mbolea, kwa asili hubeba kadimiamu, na kadimiamu ni elementi: hakuna bakteria wala jua litakaloivunja iwe kitu kingine. Mvua huweza kuihamisha tu, tena palipo na mabaki ya salfa maji hugeuka kuwa tindikali na kuiyeyusha kwa urahisi zaidi. Na inahamia wapi? Pwani ya Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe yenye nyufa, kwa hiyo maji huzama upesi hadi kwenye visima, au huteremka kwenye tope la mikoko, ambako metali hushikwa mpaka mtu alikoroge. Anayesema mvua imeosha kiwanja ajue anachokisema: imekiosha kwa kumwagia jirani. Hata sumu za kutengenezwa, ambazo kweli huvunjika, haziendi kwa kasi tunayoitamani. Vikuge, wilayani Kibaha, kulihifadhiwa takriban tani 170 za viuatilifu vilivyoletwa kama msaada mwaka 1986. Banda likaanguka, mvua ikavinyeshea, na zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti walipopima udongo, DDT ilikuwa bado imejaa. Na kwa metali, tazama Owino Uhuru, Mombasa: kiwanda cha kuyeyusha betri kilikoma mwaka 2014, lakini risasi haikufungasha virago pamoja nacho. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 na udongo usafishwe.

Utetezi wa pili ni kwamba mbona majani yanaota, tena yamestawi. Mchicha hunyonya kadimiamu bila kunyauka wala kubadilika rangi, na ndiyo sababu bustani ya jikoni ni hatari kuliko karakana. Wa tatu ni wa fedha: kusafisha ni anasa ya Ulaya. Kweli, rasi ya Greenwich jijini London, palipokuwa na kiwanda kikubwa cha gesi, ilisafishwa kwa gharama kubwa kabla ya kujengwa Millennium Dome. Lakini huko pia si kila kipande kilichimbuliwa, na kinachopunguza gharama ni kupima kwanza, kazi rahisi kuliko kubomoa ghorofa lililokwishauzwa.

Basi, kwa haraka. Tathmini ya athari kwa mazingira inatakiwa na sheria ya mazingira ya mwaka 2004, na isiishie kwenye karatasi za wasimamizi wa mazingira: toboa udongo kwa gridi, pima na maji ya chini. Palipochafuka sana weka maegesho na maghala juu ya zege. Palipochafuka kiasi tandika kitambaa cha kuchuja, udongo wa mfinyanzi, kisha udongo safi. Vipande vibaya kabisa vichimbuliwe na kupelekwa dampo lenye kibali, si kujazia mashimo ya barabara. Shule na viwanja vya watoto viende upande uliopimwa ukaonekana safi. Mboga zioteshwe kwenye matuta ya udongo wa kuletwa. Tope la mikoko lisiguswe bila kupimwa. Kisima kisichimbwe hata kimoja. Maji yote yatoke bomba la mamlaka ya maji, Tanga UWASA, na katazo hilo liandikwe kwenye hati ya kila kiwanja ili mnunuzi wa tatu naye alione.