SOMO LA MADINI: DAWA NYINGINE BADALA YA SIANIDI

Leo tunajibu swali linalowahusu ninyi wa Nyamuswa na jirani zenu wa Buhemba, ambako dhahabu imechimbwa tangu zama za ukoloni. Je, iko dawa ya kutoa dhahabu katika marudio isiyo sumu kali kama sianidi?

Dawa ziko. Lakini hakuna hata moja ya kumimina tu mahali pa sianidi, kazi ikaendelea vilevile.

Sianidi ilianza kutumika baada ya ugunduzi wa mwaka 1887 mjini Glasgow. Maji yake, yakipata hewa, huyeyusha dhahabu, kisha kaboni huinasa. Chokaa hutiwa ili maji yasiwe na tindikali. Yakiwa nayo hutoa gesi iwezayo kumwua mtu kwa dakika chache.

Sasa tutazame thiosulfati. Ni chumvi ile waliyoitumia wapiga picha kusafishia filamu, na sumu yake ni ndogo sana. Huko Goldstrike, Nevada, Marekani, mgodi mkubwa uliianza mwaka 2014. Lakini, ndugu zangu, sikilizeni hapa: dhahabu iliyoyeyushwa na thiosulfati haishikwi vizuri na kaboni. Yataka resini maalumu, na mara nyingi shaba na amonia pia. Mwenye kaboni peke yake atamwaga dhahabu yake pamoja na maji!

Thiourea huyeyusha upesi, ila hutaka tindikali, na inashukiwa kuleta saratani. Klorini ni ya zamani kuliko sianidi, nayo huunguza mapafu. Glisini, iliyomo hata katika nyama tulayo, ni salama lakini ni mvivu. Mara nyingi husaidiwa kwa joto, au kwa sianidi kidogo.

Na boraksi je? Hiyo husaidia kuyeyusha kwa moto dhahabu iliyokwisha kukusanywa. Basi huondoa haja ya zebaki, si ya sianidi.

Tena, marudio yaliyopitishwa zebaki yasitiwe sianidi kabla zebaki haijatolewa. Sianidi huiyeyusha zebaki nayo, ikaenda na maji mpaka mtoni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 wataka desturi hiyo ikomeshwe.

Akija mwuzaji na dawa mpya, mwulizeni: yahitaji nini pamoja nayo? Dhahabu itanaswa kwa kitu gani? Maji yake yatamwagwa wapi?

Juma lijalo tutaeleza jinsi ya kutoa zebaki katika marudio. Kwaherini.