Mwenzio Anapokesha Usiku na Kusinzia Mchana

Ini likichoka kabisa, anayeliona mapema ni yule anayelala kitanda kimoja na mgonjwa. Daktari anahitaji vipimo vya damu na picha ya tumbo. Mke au mume ameshaona, wiki nyingi nyuma, kwamba suruali haifungiki kiunoni ilhali mabega na mashavu yamekonda, kwamba mkojo umekuwa na rangi ya chai ya mkandaa, kwamba mwenzake anajikuna usiku kucha bila upele wowote. Tatizo ni kwamba dalili hizi huja zimevaa sura ya magonjwa mengine. Huku kwetu Kitale na Bungoma, mgonjwa wa ini mara nyingi huwa ameshatibiwa malaria na taifodi zaidi ya mara moja, na pengine ameshapelekwa kwa mganga, maana tumbo la mtu mzima likivimba watu husema ni laana au mkono wa jirani. Neno ini hutajwa mwisho.

Ugonjwa wa ini uliokomaa, ambao madaktari huuita sirosisi, ni ugonjwa wa makovu. Ini huumia na kupona, kuumia na kupona, kwa miaka mingi, na kila mara linabaki na kovu, hadi linakuwa gumu na damu inayotoka kwenye utumbo inashindwa kupenya. Damu hiyo, kama maji ya mfereji uliozibwa, hutafuta njia za pembeni. Huingia kwenye mishipa dhaifu ya umio, ambayo inaweza kupasuka. Shinikizo hufanya maji yavujie tumboni. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya damu inalipita ini bila kusafishwa, sumu za utumbo hufika kwenye ubongo. Ukielewa hilo, dalili nyingi nitakazozieleza hapa zitakuwa na maana kwako.

Pombe hutajwa kwanza na kila mtu, na ni kweli kwamba busaa na chang'aa zimemaliza maini mengi. Lakini lawama hiyo imewaumiza wengi wasioonja hata tone, ambao wakianza kuvimba tumbo majirani hunong'ona kwamba wanakunywa kwa siri. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuingia mwilini utotoni na kukaa kimya kwa miongo kadhaa. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwishoni mwa mwaka 2001, kwa hiyo watu wazima wengi wa leo walikua bila kinga hiyo. Kuna pia sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2004 iliua watu 125, wengi wao huko Ukambani. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la nchi, na mvua ikipita msimu wake mahindi huvunwa mabichi. Mtu mwenye kirusi cha homa ya ini B akila sumukuvu mwaka baada ya mwaka, hatari yake ya saratani ya ini hupanda kuliko ambavyo kimoja peke yake kingeipandisha.

Sasa nije kwenye dalili ambayo wanandoa huipuuza kuliko zote, nayo haiko tumboni, iko akilini. Huanza na usingizi kugeuka: mgonjwa anakesha usiku na kusinzia mchana kwenye kiti. Kisha anasahau namba ya siri ya M-Pesa aliyoitumia miaka kumi, anakosea chenji dukani, anakasirika kwa jambo dogo, anavaa shati kinyume. Mwambie anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kwa ishara ya kusimamisha matatu, avishike hivyo kidogo. Viganja vikidondoka na kuinuka, vikidondoka na kuinuka, ubongo umeanza kulemewa na sumu. Kama alikuwa mnywaji, mke atasema amelewa tena. Kama hakuwa mnywaji, familia itasema amerukwa na akili au ana mapepo, na siku tatu zitapita kwenye maombi. Sina neno na maombi, lakini yafanyike njiani mkielekea hospitali.

Kuchanganyikiwa huku kwa kawaida kuna kichocheo: kufunga choo, maambukizi, damu inayovuja tumboni, kuharisha au kutapika, dawa za kukojoza maji zilizozidi, au kidonge cha usingizi alichopewa kwa nia njema. Dawa ya msingi ni laktulosi, maji mazito matamu ya kunywa. Wengi huambiwa kwenye kemisti kwamba ni ya kulainisha choo, hivyo wanaiacha choo kikilainika. La, huyu anaendelea nayo, na kipimo chake ni choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Akienda mara tano au sita, dozi ni kubwa mno. Zungumza na daktari ipunguzwe, kwa sababu kupungukiwa na maji kutamchanganya upya. Kwa mzee wa heshima ambaye hajawahi kuulizwa habari za choo na mkewe, swali hili ni gumu. Liulizwe kila jioni hata hivyo. Asiendeshe bodaboda wala trekta kipindi hiki. Na akiwa amelala usingizi ambao huwezi kumwamsha, usimmiminie dawa wala maji mdomoni, mlaze kwa ubavu na utafute gari.

Hali nyingine haisubiri asubuhi: kutapika damu, au choo cheusi kama lami chenye harufu kali. Mshipa umepasuka. Nendeni hospitali iliyo karibu yenye damu ya kuongeza, iwe ya rufaa ya Wamalwa Kijana mjini Kitale au ya rufaa ya Kaunti ya Bungoma, atulizwe kwanza, ndipo ahamishiwe Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ambako mishipa huangaliwa na kufungwa kwa kamera ya endoskopi. Kukimbilia Eldoret moja kwa moja na mtu anayetapika damu ni kosa. Kutoka Kitale ni kilomita 70 hivi.

Homa au maumivu kwa mtu mwenye maji tumboni pia ni dharura. Maji yale hupata bakteria, na wakati mwingine homa haipo kabisa, kuna kuchanganyikiwa tu. Yanapaswa kuchotwa kwa sindano siku hiyo hiyo na kupimwa. Hapa tunakutana na imani sugu kwamba tumbo likitobolewa mgonjwa anakufa. Wanaokufa baada ya kutobolewa wengi wao waliletwa wakiwa wamechelewa.

Nyumbani, kazi kubwa iko jikoni. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na Royco. Magadi tunayotia kwenye mrenda na kunde nayo yana sodiamu na hufanya kazi ile ile ya kuvuta maji tumboni. Mama wengi wa Bungoma wataniambia wao hawatumii magadi, wanatumia munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe. Munyu una potasiamu nyingi, na mgonjwa anayemeza spironolaktoni ya kupunguza maji hujilimbikizia potasiamu, ambayo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Najua mrenda bila munyu hauna raha. Tumia nyanya, dania, kitunguu saumu na limau. Nunua pia mizani, umpime kila asubuhi kabla hajala: akipanda kilo mbili kwa wiki, maji yanarudi, akishuka zaidi ya nusu kilo kwa siku ilhali miguu haijavimba, dawa inamkausha.

Zamani wagonjwa hawa walinyimwa nyama, mayai na maharagwe kwa hofu ya kuchanganyikiwa. Ushauri huo umeachwa. Misuli inayoyeyuka ndiyo hatari zaidi. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 za protini kwa siku, na maharagwe, maziwa na mayai huvumilika vizuri. Asishinde njaa. Kabla ya kulala apewe kikombe cha uji wa wimbi na maziwa, kwa kuwa ini lenye makovu haliwezi kuweka akiba ya kutosha ya nguvu za usiku, na mwili hula misuli yake.

Kuhusu maumivu, watu huogopa parasetamoli kwa sababu ya ini halafu wanameza Brufen au kuchomwa sindano ya diklofenaki. Wamegeuza mambo. Parasetamoli, ikiwa daktari amekubali na haizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku, ni salama zaidi. Brufen na diklofenaki huweza kuua figo za mgonjwa huyu na kusababisha damu kuvuja. Dawa za miti shamba zinazosemekana kusafisha ini ziacheni kabisa.

Pombe iachwe hata kama ugonjwa umekomaa. Wapo wanaorudi kutembea na maji tumboni yakakauka. Ila anayekunywa kila siku kwa wingi asikatizwe ghafla nyumbani bila daktari, anaweza kutetemeka na kupata degedege.

Kwa wengine itafika siku ambapo dawa haziwezi kurudisha ini. Wenye uwezo husafiri India kupandikizwa, na wengi hawana uwezo huo. Msingoje siku za mwisho kuulizia huduma shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Hospisi ya Kimbilio kule Kipkaren na Hospisi ya Eldoret hushughulikia maumivu, mwasho, kuvimba na hofu, na mgonjwa anaweza kupata huduma hiyo huku akiendelea na matibabu mengine.

La mwisho linamhusu anayeuguza. Homa ya ini B huambukizwa kwa damu na kwa tendo la ndoa. Sahani, kikombe na kukumbatiana haviambukizi, kwa hiyo usimtengee mwenzio vyombo. Wembe na mswaki kila mtu awe na vyake. Usipokuwa na kirusi utachanjwa dozi tatu ndani ya miezi sita. Ukiwa nacho, kuna tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku, ambacho hukidhibiti kabla hakijaharibu ini. Kama mwenzio ana ini bovu na wewe na watoto hamjapimwa, nendeni mkapimwe wiki hii.