Mgonjwa mbali na kwao: mlezi wa kiroho anafanya nini hospitalini, na kwa nini Kasumbalesa inamhitaji

Kasumbalesa ni mji wa watu wanaopita. Uko kilomita karibu 90 kutoka Lubumbashi, kwenye barabara ya taifa namba 1, mlango kwa mlango na Zambia. Makamyo yanayobeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi yanapanga foleni hapo, na mengine yanaingia na mafuta, unga na saruji. Foleni ikikaa, mashofere wanalala njiani siku kadhaa. Kati yao kuna Watanzania, Wazambia, Wazimbabwe, Wasomali, Waafrika Kusini na Wakongo wa kila jimbo. Watu wengi namna hiyo wakikutana fasi moja, wagonjwa hawakosi.

Tuchukue mfano. Shofere Mwislamu kutoka Mbeya anashikwa na homa kali barabarani. Wenzake wanamfikisha hospitalini, wanaacha simu yake na feza kidogo, kisha foleni inasogea na wao wanakwenda. Kitanda cha kushoto kuna mama wa kanisa la uamsho. Cha kulia kuna mzee Mkimbangu. Saa nne ya usiku pasta anafika kumwona yule mama. Anaomba kwa sauti kubwa, anazunguka chumba kizima na kuweka mikono juu ya kichwa cha kila mtu. Mzee anageukia ukuta. Shofere ananyamaza, kwa sababu yeye ni mgeni na hana nguvu ya kubishana.

Pasta hakuja na nia mbaya. Lakini katika chumba kile hakuna aliyemuuliza shofere yeye anataka nini. Kuuliza swali hilo njo mwanzo wa kazi ya mtu ambaye kwa Kifaransa wengi wanamwita «aumônier», na ambaye katika makala hii ataitwa mlezi wa kiroho.

Si pasta wa kanisa moja

Hapa Kongo makanisa yanaendesha sehemu kubwa ya hospitali na vituo vya afya: Wakatoliki, Waprotestanti wa ECC, Wakimbangu, Jeshi la Wokovu na wengine. Kwa hiyo wakaaji wamezoea kuona padri, mtawa au pasta akipita kati ya vitanda. Mara nyingi huyo ni mtu wa kanisa lenye hospitali, na anafikiria kwanza waumini wake.

Mlezi wa kiroho wa dini zote anafanya kazi kwa namna nyingine. Yeye mwenyewe ana imani yake, anaweza kuwa mkristo ao mwislamu, lakini akivuka mlango wa chumba hajaja kutafuta waumini. Amekuja kusikiliza. Mgonjwa akitaka sala ya dini yake, anamtafutia mtu wa dini hiyo. Mgonjwa asipotaka sala hata moja, anakaa naye ao anamwacha apumzike. Na asiye na dini anapata muda sawa na wengine, kwa sababu hata yeye anaogopa kufa, anawaza watoto na anajiuliza kwa nini mambo haya yamemfikia.

Msingi wa kisheria upo. Katiba ya Februari 18, 2006 inasema katika kifungu cha 1 kwamba Jamhuri haina dini ya serikali, na kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Mtu hapotezi uhuru huo kwa sababu amevaa nguo ya hospitali na ana serumu mkononi.

Kumbukumbu ya Élisabethville

Katanga ina historia inayoonyesha uzito wa jambo hili. Simon Kimbangu, aliyeanza kuhubiri na kuombea wagonjwa kule Nkamba mwaka 1921, alikamatwa na wakoloni mwaka huo huo. Alikaa kifungoni miaka 30, mbali sana na kwao, na akafia Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Oktoba 12, 1951. Baadaye kulitokea madai kwamba alibatizwa kuwa Mkatoliki akiwa karibu kufa. Kanisa lake linakana madai hayo.

Nani alisema kweli, hilo si jambo la kuamuliwa hapa. Lakini ubishi wenyewe unafundisha. Mtu akiwa dhaifu, peke yake, bila ndugu pembeni, kila tendo la dini linalofanywa juu yake linaweza kuacha kidonda kwa wale wanaobaki. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya mlezi wa kiroho ni hii: hakuna kubadilisha mtu dini kitandani. Mgonjwa akiomba mwenyewe, kwa akili timamu, ni jambo lingine, na hata hapo inafaa muuguzi ao ndugu awepo na asikie.

Kujua kila mmoja anahitaji nini

Daktari mmoja wa Marekani, Christina Puchalski, alitengeneza mwaka 1996 njia fupi ya kuuliza ambayo leo inatumika nchi nyingi. Kwa maneno yetu maswali yake ni manne: Una imani gani, ao nini kinakupa nguvu? Ina uzito gani katika ugonjwa huu? Uko na jamaa ya waumini ambao tunaweza kuwaita? Na ungependa sisi hapa hospitalini tufanye nini? Dakika tano zinatosha, na majibu yanaweza kubadilisha siku nzima ya mgonjwa.

Mkatoliki aliye hatarini anataka mpako wa wagonjwa, na huo hutolewa na padri tu. Ubatizo wa dharura wa mtoto anayekufa ni tofauti: Kanisa Katoliki linakubali mtu yeyote aufanye, akiwa na maji, maneno yanayotakiwa na nia njema. Lakini wazazi njo wanapaswa kuuomba.

Mwislamu anaweza kutaka kitanda kigeuzwe ili aelekee kibla. Kutoka Kasumbalesa, Maka iko upande wa kaskazini, ikielemea kidogo mashariki. Akifariki, mwili unaoshwa na watu wa jinsia yake, unavikwa sanda na kuzikwa mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo maiti yake ikikaa siku nyingi kwenye friji kwa sababu tu hakuna aliyejua namba ya imamu, ni huzuni juu ya huzuni. Na mwezi wa Ramadhani mlezi anaweza kumwitia imamu amkumbushe mwenye kisukari kwamba Kurani yenyewe, katika sura ya pili, inamruhusu mgonjwa asifunge.

Mkimbangu anavua viatu anapoomba. Shahidi wa Yehova anakataa kutiwa damu, na uamuzi wa mtu mzima lazima daktari auzungumze naye mapema, si wakati amekwisha kuzimia. Kati ya Bapostolo wako wanaokataa dawa za hospitali kabisa, na wakifika hospitalini mara nyingi ni kwa kuchelewa na kwa aibu mbele ya wenzao. Huyo hahitaji kuchekwa. Anahitaji mtu wa kumwambia kwamba kuja kwake si dhambi ya kufichwa.

Pale imani na dawa zinapogongana

Kazi ngumu zaidi inakuja hapa. Mgonjwa wa virusi vya ukimwi ao wa kifua kikuu anaambiwa katika chumba cha maombi: «Umepona, acha ile dawa». Anaacha. Baada ya miezi anarudi hali mbaya. Muuguzi akimkaripia, mgonjwa anaona hospitali inapigana na Mungu wake.

Mlezi wa kiroho anaweza kusema jambo ambalo muuguzi hana nafasi ya kulisema: kwamba kumeza dawa si kukosa imani, na kwamba anaweza kuomba asubuhi na kumeza kidonge asubuhi ile ile. Wakaaji wa Kivu wanajua mfano wa daktari Denis Mukwege, mtoto wa pasta wa Bukavu. Akiwa mdogo alimfuata baba yake kwenda kuombea wagonjwa, na akamuuliza kwa nini anaomba tu bila kutoa dawa. Kutokana na hapo akataka kuwa munganga. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani, na yeye mwenyewe pia ni pasta. Kwake sala na upasuaji havikugombana.

Mgongano mwingine ni bulozi. Mtoto anaugua degedege ao anazidi kukonda, na mtu wa jamaa anasema nani amemroga. Mara nyingine kidole kinaelekea mtoto mwingine wa nyumba ile ile. Mlezi hawezi kunyamaza hapo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 10, 2009 inaadhibu mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi, kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Lakini kabla ya kutaja sheria, mlezi anakaa na jamaa, anamwomba daktari aeleze ugonjwa kwa lugha nyepesi, na anawaacha waseme hofu yao. Hofu iliyosikilizwa inapungua. Ile iliyochekwa inarudi nyumbani na kutafuta mtu wa kuadhibu.

Maneno yanayoponya na yanayoumiza

Mama aliyepoteza mtoto wakati wa kuzaa anaambiwa na kila anayepita: «Usilie, njo mapenzi ya Mungu» ao «Utazaa mwingine». Wanasema kwa upendo. Lakini maneno hayo yanamfunga mdomo mama kabla hajalia. Mlezi aliyefundishwa anauliza tu: «Mama, ulimpa jina?» Kisha ananyamaza na kungoja. Mara nyingi kilio kinachofuata ndicho mama alichokuwa anahitaji.

Ujuzi huu unafundishwa. Mwaka 1925, kule Massachusetts, Marekani, pasta Anton Boisen, ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alianza kuwafundisha wanafunzi wa teolojia ndani ya hospitali, pembeni ya vitanda. Miaka ya 1960 muuguzi aliyekuja kuwa daktari, Cicely Saunders wa Uingereza, alieleza kwamba maumivu ya anayekaribia kufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Mwaka 1993 Anne Merriman alileta huduma ya namna hiyo Uganda kwa kuanzisha Hospice Africa. Fikira ni moja: kidonge kinatuliza mfupa, lakini hakijibu swali la baba anayewaza ni nani atalipa shule ya watoto.

Ebola ilifundisha nini

Wakaaji wa Kivu Kaskazini na Ituri hawahitaji kuambiwa mbali. Katika mlipuko uliotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020, watu 2,287 walikufa. Mazishi yalikuwa kati ya mambo yaliyoleta ugomvi mkubwa. Jamaa walitaka kuosha na kugusa mpendwa wao. Timu za mazishi zilikuja na nguo za kujikinga na mfuko wa plastiki.

Njia ya katikati ilikwisha kuandikwa. Novemba 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, likiwa limeshauriana na viongozi wa kikristo na wa kiislamu. Kwa Mwislamu, kwa mfano, kuosha kwa maji kunaweza kubadilishwa na tayamamu, bila kuhatarisha mtu. Pale kiongozi wa dini aliposimama pembeni ya kaburi na kueleza hilo mwenyewe, ilikuwa rahisi zaidi kwa jamaa kukubali. Mji wa mpaka kama Kasumbalesa, ambako magonjwa kama kipindupindu yanaweza kuvuka pamoja na watu, haupaswi kungoja mlipuko ndipo viongozi wa dini na waganga waanze kujuana majina.

Kuanza na kidogo

Hospitali isiyo na uwezo wa kulipa mlezi wa kiroho inaweza kuanza na karatasi moja ukutani kwa wauguzi: namba za padri wa jimbo la Sakania-Kipushi, pasta wa ECC, imamu, kiongozi wa Wakimbangu, wa Orthodoksi, wa makanisa ya uamsho. Inaweza kuweka kanuni chache zinazosomwa na kila anayekuja kuombea: ripoti kwanza kwa muuguzi, omba na yule aliyekuita, kwa sauti ya chini, usimguse mwingine bila ruhusa, usiombe sadaka, usitoe dawa wala kukataza dawa, na ulichosikia kitandani kibaki kitandani.

Jamaa nao wana sehemu yao. Mkimpeleka mgonjwa, mwambieni muuguzi dini yake na mtu wa kuita usiku. Na mashofere wanaosafiri mbali, ni vema kuandika hayo kwenye karatasi pamoja na paspoti: jina la ndugu, namba yake, na dini.

Karatasi hiyo ingemsaidia yule shofere wa Mbeya. Muuguzi angesoma neno moja, angepiga simu, na imamu angeingia na kumsalimia kwa salamu ya kwao. Homa isingepoa kwa sababu hiyo. Lakini angejua kwamba katika mji huu wa kupita kuna mtu anayejua yeye ni nani.